Zheng He: Towashi aliyeongoza merikebu za Uchina, na swali linalofika hadi Kishushe

KISHUSHE hakuna bandari wala jahazi. Ni nchi kavu iliyo chini ya milima ya Taita, yenye udongo mwekundu na mawe mazito, ikipakana na Mbuga ya Tsavo Magharibi ambako ndovu huvuka mipaka na kuingia mashambani bila kumwomba mtu ruhusa. Umaarufu wake katika Kenya nzima umetokana na jambo moja: madini ya chuma.

Mawe hayo yakipakiwa kwenye malori huteremshwa kuelekea Voi, na kutoka Voi barabara na reli huelekea Mombasa. Ng'ambo ya bahari ya Mombasa yuko mnunuzi mkubwa kuliko wote wa madini ya chuma ulimwenguni, yaani Uchina, nchi inayotengeneza zaidi ya nusu ya feleji yote inayotumiwa na wanadamu. Reli yenyewe ya kisasa inayopitia Voi, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, ilijengwa na Wachina kwa mkopo wa Wachina.

Kwa sababu hiyo, mijadala ya wasomi kuhusu historia na siasa za Uchina, ambayo zamani ilidhaniwa kuwa ya kumbi za vyuo vikuu pekee, sasa inamhusu hata mfugaji wa Kishushe. Na katika mijadala hiyo, kila inapofika upande huu wa Bahari Hindi, hakuna jina linalotajwa mara nyingi zaidi ya la Zheng He, mkuu wa merikebu za Uchina aliyefariki karibu miaka 600 iliyopita.

Kwa baadhi ya wasomi, Zheng He alikuwa mjumbe wa amani aliyefika kwa hariri na vyombo vya kauri. Kwa wengine, alikuwa jemadari aliyekuja na maelfu ya askari ili wafalme wadogo wajue mkubwa wao ni nani. Kabla ya msomaji kuchagua upande, ni vyema ayafahamu maisha ya mtu huyo, kwani ni maisha yaliyoanza kwa msiba.

MTOTO WA HAJI

Zheng He alizaliwa mnamo 1371 katika wilaya ya Kunyang, mkoani Yunnan, kusini-magharibi mwa Uchina. Yunnan ni nchi ya milima, na bahari iko mbali sana kutoka huko. Mtoto huyo alipewa jina la Ma He. Ma ni jina la ukoo ambalo Waislamu wengi wa Uchina walilitumia kwa kufupisha jina la Mtume Muhammad.

Ndiyo, alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu. Baba yake na babu yake wote wawili walijulikana kwa jina la Haji, kwa kuwa walikuwa wamekwenda kuhiji Makka. Nasaba ya ukoo wake inamtaja Sayyid Ajall Shams al-Din, mzaliwa wa Bukhara katika Asia ya Kati, ambaye watawala wa Kimongolia walimfanya gavana wa Yunnan katika karne ya 13. Kwa hivyo, kijana huyo alikua akisikia nyumbani habari za nchi za mbali na za safari ya Makka, kama ambavyo mtoto wa Lamu au Mombasa wa enzi hizo angezisikia.

Wakati alipozaliwa, Uchina ilikuwa imebadilisha wenyewe. Mwaka wa 1368, ukoo wa Ming ulikuwa umewafukuza Wamongolia na kutwaa kiti cha ufalme. Yunnan ilibaki mikononi mwa Wamongolia hadi mwaka wa 1381, majeshi ya Ming yalipoivamia. Katika vita hivyo baba yake Ma He alifariki akiwa na umri wa miaka 39. Mtoto wake, aliyekuwa na umri wa miaka kumi hivi, alitekwa na askari.

Desturi ya vita vya wakati huo ilikuwa ya kikatili. Wavulana waliotekwa walihasiwa, kisha wakagawiwa nyumba za kifalme wakawe watumishi. Matowashi walipendwa katika kasri kwa sababu hawangeweza kupata watoto wa kugombea kiti cha ufalme. Ma He alifanyiwa hivyo, akapelekwa kaskazini kwa mwanamfalme Zhu Di, mtawala wa eneo ambalo leo ni Beijing.

Hapo ndipo pa kushangaza katika maisha yake. Aliyevunjiwa ukoo na waliomuua baba yake ndiye aliyekuja kuwa mtumishi mwaminifu kuliko wote wa mwanamfalme huyo. Alikulia kambini, akajifunza vita katika mapambano dhidi ya Wamongolia mipakani, na akawa mtu wa karibu wa bwana wake.

Mwaka wa 1399 Zhu Di alimwasi mpwa wake aliyekuwa mfalme. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu kwa miaka mitatu. Ma He alipigana kwa ushujaa katika ulinzi wa Beijing, mahali panapoitwa Zhenglunba. Zhu Di alipoingia Nanjing mwaka wa 1402 na kujitangaza mfalme kwa jina la Yongle, hakumsahau. Mwaka wa 1404 alimpa towashi huyo jina jipya la ukoo, Zheng, na kumpandisha cheo kuwa mkuu wa matowashi wa kasri.

SAFARI SABA

Mfalme aliyempokonya mpwawe kiti ana haja ya kutambuliwa. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ambayo wanahistoria huitoa wanapoeleza kwa nini Yongle aliamuru merikebu nyingi zijengwe na kutumwa kwenye nchi za magharibi, neno ambalo kwa Wachina wa wakati huo lilimaanisha Bahari Hindi. Sababu nyingine ni biashara, kwani mfalme alitaka bidhaa za bahari hiyo zipite mikononi mwa serikali yake.

Safari ya kwanza iling'oa nanga mwaka wa 1405. Historia rasmi ya enzi ya Ming inataja merikebu kubwa 62 na watu wapatao 27,800: mabaharia, askari, waandishi, matabibu, wakalimani na mafundi. Katika bahari hii hapakuwa na msafara mwingine uliokaribia ukubwa huo.

Ukubwa wa merikebu zenyewe ni mada ya ubishi hadi leo. Kumbukumbu za Kichina zinadai kuwa zile kubwa kabisa zilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 130 na upana wa zaidi ya mita 50. Wataalamu wengi wa ujenzi wa vyombo vya bahari wanasema chombo cha mbao cha urefu huo kingepinda na kupasuka katika mawimbi. Wanaotetea kumbukumbu hizo hutaja mti wa usukani wenye urefu wa mita 11 hivi uliochimbuliwa mwaka wa 1957 katika eneo la viwanda vya kale vya merikebu mjini Nanjing.

Kati ya mwaka wa 1405 na 1433, Zheng He aliongoza safari saba. Tatu za kwanza zilifika Java, Malacca, Sumatra, Sri Lanka na Calicut katika pwani ya India. Ya nne, iliyoanza mwaka wa 1413, ilivuka hadi Hormuz, mlangoni mwa Ghuba ya Uajemi. Ya tano, kati ya 1417 na 1419, ndiyo iliyoleta merikebu za Uchina katika pwani ya Arabuni na Afrika Mashariki. Miji inayotajwa ni Mogadishu, Barawa na Malindi.

Safari hizo zilitegemea pepo zilezile ambazo majahazi yetu yalizitegemea. Kaskazi ilileta vyombo kutoka India na Arabuni, na kusi ikavirudisha. Mtu aliyelelewa milimani Yunnan alilazimika kujifunza kalenda ya upepo ambayo mtoto wa Pwani aliijua tangu utotoni.

Zheng He hakusafiri kama mfanyabiashara wa kawaida. Mwaka wa 1407 alipigana na Chen Zuyi, kiongozi wa maharamia huko Palembang, akamkamata na kumpeleka Nanjing ambako aliuawa. Katika safari ya tatu alipigana na mtawala mmoja wa Sri Lanka, akamteka na kumfikisha mbele ya Mfalme Yongle mwaka wa 1411, ingawa mtawala huyo alisamehewa. Katika safari ya nne aliingilia vita vya kugombea ufalme huko Sumatra na kumteka aliyeshindwa.

Hata hivyo, kisiwa kilekile cha Sri Lanka kimetunza ushahidi wa sura yake nyingine. Mwaka wa 1911 lilipatikana mjini Galle jiwe lililoandikwa kwa lugha tatu, Kichina, Kitamili na Kiajemi, lenye tarehe ya 1409. Maandishi ya Kichina yanaorodhesha zawadi kwa Buddha, ya Kitamili yanaheshimu mungu wa Wahindu, na ya Kiajemi yanamtukuza Mwenyezi Mungu wa Waislamu. Jiwe hilo sasa limo katika makavazi ya taifa mjini Colombo. Mwislamu huyo, aliyekuwa akimtumikia mfalme asiye Mwislamu, alijua kuzungumza na kila mtu kwa dini yake.

TWIGA WA MALINDI

Mnamo Septemba 1414, kasri la Nanjing lilipokea mnyama ambaye watu wake hawakuwa wamemwona. Alikuwa twiga, zawadi kutoka kwa mfalme wa Bengali, ambaye naye anaaminika kumpata kutoka pwani ya Afrika. Maafisa wa kasri walimfananisha na qilin, mnyama wa ngano za Kichina ambaye kuonekana kwake huchukuliwa kuwa ishara ya utawala wa haki. Kwa mfalme aliyekuwa amepora kiti, hapakuwa na zawadi iliyofaa zaidi. Twiga huyo alichorwa, na picha hiyo imenakiliwa mara nyingi.

Mwaka uliofuata, 1415, walifika wajumbe wa Malindi wenyewe wakiwa na twiga wao. Yongle alitoka hadi kwenye lango la kasri kuwapokea.

Tarehe hizo zina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyotambua. Merikebu za Uchina zilifika Afrika Mashariki katika safari ya tano, iliyoanza mwaka wa 1417, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwarudisha wajumbe makwao. Maana yake ni kwamba Malindi ilibisha hodi Uchina kabla ya Uchina kubisha hodi Malindi. Msomi wa Kiholanzi J.J.L. Duyvendak aliyaeleza hayo katika mihadhara yake ya wazi mjini London mwaka wa 1947, iliyochapishwa kuwa kitabu miaka miwili baadaye. Pamoja na hayo, masimulizi mengi bado humpa mgeni nafasi ya mtendaji, na mwenyeji nafasi ya kutendewa.

Isitoshe, twiga hapatikani ufuoni. Huishi nyikani, na ili afike bandarini akiwa hai sharti pawe na watu wa bara wanaojua kumkamata, kumlisha na kumsafirisha. Majina ya watu hao hayakuandikwa popote, iwe Malindi au Nanjing.

KIFO NA MOTO WA KUMBUKUMBU

Mwaka wa 1421 Yongle alihamishia makao makuu Beijing. Miezi michache baadaye radi iliteketeza kumbi za kasri jipya, na wapinzani wa gharama za safari wakapata sauti. Safari ya sita ilikuwa tayari njiani, lakini Yongle alipofariki mwaka wa 1424, mwanawe alizipiga marufuku safari hizo mara moja. Zheng He aliachwa Nanjing kama mkuu wa majeshi ya mji, na akapewa pia kazi ya kusimamia ukamilishaji wa mnara maarufu wa kauri wa Nanjing.

Mfalme aliyefuata, Xuande, aliruhusu safari moja zaidi. Kabla ya kuondoka mwaka wa 1431, Zheng He aliyekuwa na umri wa miaka 60 hivi alisimamisha mawe mawili ya kumbukumbu katika pwani ya Uchina, yakiorodhesha safari zake zote. Ni kana kwamba alihofia kuwa wengine hawangemwandikia. Katika safari hiyo ya mwisho, baadhi ya watu wake walifika Makka, mji ambao baba yake na babu yake walikuwa wamehiji.

Wanahistoria hawakubaliani kuhusu mwisho wake. Wengi husema alifariki mwaka wa 1433 huko Calicut, safari ikirudi, na mwili wake ukatoswa baharini. Wengine husema aliishi hadi 1435. Karibu na Nanjing kuna kaburi lenye jina lake lililojengwa upya kwa mtindo wa Kiislamu, lakini wengi huamini kwamba ndani yake hamna maiti.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Karibu na mwaka wa 1477, towashi mmoja mwenye madaraka alipotaka kufufua safari, nyaraka za Zheng He zilitafutwa katika wizara ya vita zisipatikane. Inasimuliwa kuwa afisa aitwaye Liu Daxia alikuwa amezificha au kuzichoma, kwa hoja kwamba safari hizo ziliangamiza fedha na maisha ya watu bila faida kwa raia. Kilichobaki ni vitabu vya waliosafiri naye kama Ma Huan na Fei Xin, mawe ya kumbukumbu, historia rasmi, na ramani iliyochapishwa katika karne ya 17 ikiitaja miji ya pwani yetu, Malindi na Mombasa zikiwemo.

MTU MMOJA, HADITHI NYINGI

Kwa kuwa kumbukumbu nyingi zilipotea, kila kizazi kimemchonga Zheng He wake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Uchina ilipokuwa ikidhalilishwa na mataifa ya Ulaya, mwandishi Liang Qichao alimtangaza kuwa shujaa wa taifa aliyewatangulia Wazungu baharini. Mwaka wa 2005, miaka 600 tangu safari ya kwanza, serikali ya Uchina iliitenga Julai 11 kuwa siku ya kuadhimisha ubaharia. Mwaka huohuo, msichana mmoja kutoka eneo la Lamu alipelekwa Uchina kwa ufadhili wa masomo, akielezwa kuwa kizazi cha mabaharia wa Zheng He. Desemba ya mwaka huo, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius, ya kwanza barani Afrika.

Mnamo Mei 2017, katika kongamano la Beijing kuhusu mpango wa barabara na bahari wa kuunganisha mabara, Rais Xi Jinping alimtaja Zheng He miongoni mwa wasafiri waliokumbukwa kwa urafiki wala si kwa uvamizi. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. Wiki chache baadaye treni ya kwanza ya abiria ilipita Voi.

Hoja ya upande huo si ya kupuuzwa. Baada ya mwaka wa 1433 Wachina hawakuacha ngome yoyote katika pwani ya Afrika Mashariki. Wareno walipofika mwaka wa 1498, haikuchukua muda kabla ya Mombasa kuchomwa, mwaka wa 1505, na kuanzia mwaka wa 1593 wakajenga Fort Jesus. Anayelinganisha wageni hao wawili ana sababu ya kuwatofautisha.

Lakini wapo wasomi wanaoukataa mchoro huo wa urafiki mtupu. Geoff Wade, mwanahistoria wa Australia, amechambua kumbukumbu za Ming na kushikilia kwamba safari hizo zilikuwa za kijeshi, zenye lengo la kulazimisha utiifu na kudhibiti bandari muhimu. Edward Dreyer wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka wa 2007, alieleza kuwa maelfu ya askari hawapelekwi baharini kuzuru tu. Watu wa Palembang, Sumatra na Sri Lanka waliokabiliana na askari hao wangekuwa na yao ya kusema.

Kwa upande mwingine kuna waliovuka mipaka ya ushahidi. Mwaka wa 2002 Mwingereza Gavin Menzies, aliyekuwa nahodha wa manowari, alichapisha kitabu akidai merikebu za Zheng He zilifika Amerika na kuzunguka dunia. Kitabu hicho kiliuzwa sana, lakini wanahistoria wa Uchina na wa bahari walikikosoa vikali na kuonyesha kwamba madai yake hayakuwa na msingi.

USHAHIDI ULIO CHINI YA UDONGO

Pale nyaraka zilipokosekana, wanaakiolojia wameshika sepeto. Mwaka wa 2010, wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Chuo Kikuu cha Peking, wakiwemo Herman Kiriama na Qin Dashu, walichimba Mambrui, kaskazini mwa Malindi. Walipata sarafu ya shaba ya enzi ya Yongle, vigae vya kauri ya Kichina, na mabaki ya uyeyushaji wa chuma. Mwaka wa 2013, kikundi kilichoongozwa na msomi Mkenya Chapurukha Kusimba kilitangaza kupata sarafu nyingine ya Yongle katika kisiwa cha Manda.

Magazeti ya dunia yaliandika kuwa Zheng He amethibitishwa. Wanaakiolojia wenyewe walikuwa waangalifu zaidi. Sarafu ya shaba hupita mikono mingi. Kauri ya Kichina nayo ilifika Manda na Shanga karne kadhaa kabla Zheng He hajazaliwa, ikiletwa na wafanyabiashara wa kawaida wa Uajemi, Arabuni na India. Merikebu inayosimuliwa kuzama karibu na Pate bado haijapatikana licha ya kutafutwa chini ya bahari.

Mwaka wa 2023 ulichapishwa katika jarida la Nature utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, Kusimba akiwa miongoni mwa watafiti. Ulionyesha kwamba akina mama wa miji hiyo kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika, na kwamba asili ya Asia iliyoingia tangu karibu mwaka wa 1000 ilikuwa hasa ya Uajemi, pamoja na ya India. Uchina haikuwa nguzo ya hadithi hiyo.

Msomaji wa Taita huenda hajui kwamba baadhi ya mifupa iliyochunguzwa ilitoka kaunti yake, katika kijiji cha Makwasinyi karibu na mlima Kasigau. Watafiti waliihitaji kwa sababu pwani haielezeki bila bara. Pembe za ndovu na bidhaa nyingine zilizowavutia wageni wa Malindi na Mombasa zilitoka nyikani, na utafiti katika eneo la Tsavo umefichua mabaki ya wahunzi wa kale.

CHUMA CHA JANA NA CHA LEO

Hapa ndipo simulizi inaporudi Kishushe. Mwaka wa 1154, zaidi ya karne mbili kabla ya Zheng He kuzaliwa, mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi na Mombasa walichimba chuma, na kwamba kwa Malindi chuma kilikuwa biashara kubwa. Mabaki ya Mambrui yanakubaliana naye kwamba pwani hii ilijua tanuri. Wakati Wachina walipofika, hawakuwakuta watu waliokaa wakisubiri kuletewa ustaarabu. Waliwakuta watu waliokuwa na kitu cha kuuza na waliojua bei yake.

Tofauti ya zamani na sasa ni hii: chuma cha zama hizo kiliyeyushwa hapa. Mhunzi alikuwa wetu, tanuri letu, na thamani ilibaki kabla ya bidhaa kupanda chombo. Jiwe linalosafirishwa likiwa ghafi humwachia mwenyeji shimo, vumbi na sehemu ndogo ya bei.

Kishushe inalijua hilo. Kwa miaka mingi uchimbaji wake umeandamwa na migogoro kuhusu ardhi ya ranchi, leseni na mgao wa mapato, na baadhi ya kesi zimefika mahakamani. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 imeweka kwamba mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa madini. Lakini asilimia 10 ya kitu kisichopimwa ni hesabu isiyojulikana. Jamii isiyo na daftari lake la malori, uzito na tarehe hulazimika kuamini daftari la mwingine.

Maisha ya Zheng He yanatoa funzo hilo kwa uwazi. Alikuwa mtu mkubwa wa zama zake, mwenye maelfu ya watu chini yake, na bado kumbukumbu zake zilitoweka, inavyosimuliwa kwa mkono wa afisa mmoja. Leo wakubwa na wasomi wa mataifa wanabishana kuhusu nia yake, kila mmoja akimvisha joho analolipenda. Ikiwa jemadari wa mfalme alipatwa na hayo, itakuwaje kwa waliomkamata twiga wa Malindi, ambao hawakuwahi kuandikwa hata mara moja?

Kwa hivyo, swali la kama Zheng He alikuwa rafiki au mtawala litaendelea kujadiliwa, na ni haki lijadiliwe. Wajumbe wa Malindi wa mwaka wa 1415 walikwenda wenyewe, wakiwa na zawadi waliyoichagua, wakarejea kwa merikebu za mwenyeji wao. Walijua walichobeba. Anayechimba chuma Kishushe leo anastahili kujua kiasi hicho: ni tani ngapi zimetoka, zimekwenda wapi, zimeuzwa kwa bei gani, na ni nani aliyeandika.